Nilivyolifuturisha Baraza la Bwana Athmani Kabla ya Adhana

Watu wakiniuliza kwa nini niliondoka Lamu huwaambia ni kifua, kwamba mtu wa Kitale aliyezoea baridi hawezi kuvumilia ule unyevu mwaka baada ya mwaka, kisha nakohoa kidogo hapo hapo ili wapate ushahidi, na mazungumzo yanaisha. Lakini nyinyi nimekula kwenu na kulala kwenu, nikiwaficha mtasikia kwa wengine, na wengine watasimulia vibaya kuliko ilivyokuwa (ingawa sijui kama inaweza kusimuliwa vibaya zaidi). Basi sikieni kwangu mwenyewe: mimi, Mkristo wa kubatizwa, ambaye hadi wakati ule sikuwahi kufunga hata nusu siku, niliwafanya wazee wa Langoni wafuturu kabla ya jua kutua, ndani ya mwezi wa Ramadhani, barazani, watu wakipita, kwa sababu ya gazeti la muziki na sambusa moja ya nyama.

Nilifika Lamu kama nilivyofika kila mahali maishani mwangu, yaani kwa kusikia tu kwamba kupo. Nilikuwa Malindi, nina meza yangu ya kutengeneza redio na spika chini ya ngazi za jengo fulani, na kabla ya Malindi nilikuwa Voi, na kabla ya Voi Naivasha, na kabla ya hapo msiniulize. Mteja mmoja akaniambia Lamu kuna redio za zamani majumbani, zile za mbao zenye kitambaa mbele, na mafundi wa kuzifufua wamekwisha. Hilo lilinitosha. Wiki iliyofuata nilikuwa ndani ya basi la kwenda Mokowe, penye boti za kuvukia Lamu, magoti kidevuni kwa sababu chini ya miguu yangu palikuwa na sanduku la bati, lile la shule ya bweni, ambalo sikukubali lipandishwe juu ya basi hata kondakta aliponitukana.

Barabara ile mnaijua ilivyo. Unasafiri kidogo, mnateremshwa, mnapanga foleni, vitambulisho mkononi, mnapanda, mnateremshwa tena. Mbele ya Witu askari akaniamuru nifungue sanduku. Nikafungua. Akatoa gazeti moja, akalitazama, akaligeuza, akatoa jingine, kisha akamwita mwenzake.

"Hebu ona. Hawa wote ni wanaume?"

"Ni wanaume, afande," nikasema.

"Na hizi nywele?"

"Ni wanamuziki, afande. Wa roki."

Akanitazama usoni, akatazama upara wangu, akatazama tena picha ya yule mpiga gitaa mwenye nywele hadi kiunoni na suruali iliyombana kama ngozi. "Na wewe una miaka mingapi?" Nikamwambia nimepita arobaini. Akafunga sanduku taratibu, kwa huruma, kama mtu anayemfunika mgonjwa, akasema, "Panda basi, mzee."

Hayo magazeti ndiyo mkasa wenyewe, kwa hiyo nivumilieni kidogo niyaeleze. Yalikuwa ya kaka yangu mkubwa, Wafula, aliyeyapata kutoka kwa mwalimu wa kizungu wa misheni aliyekuwa akirudi kwao na hakutaka mzigo. Yalikuwa ya aina mbili: ya kila wiki, yaliyochapishwa kwenye karatasi nyepesi kama ya gazeti la kawaida, na ya kila mwezi, yenye karatasi nzito ya kung'aa na bango katikati. Sisi nyumbani hatukuwa na santuri hata moja. Tulikuwa na redio, na redio ilikuwa ya baba, na baba alisikiliza taarifa ya habari na matangazo ya vifo. Kwa hiyo mimi na Wafula tuliujua muziki ule kwa kuusoma. Tulijua ni ngoma gani ilirekodiwa kwenye ngazi za nyumba ili isikike kama iko pangoni, nani aligombana na nani, ni gitaa lipi lililolia dakika saba bila mtu kuimba, na tukakaa juu ya ua wa ng'ombe tukitunga vichwani mwetu jinsi dakika zile saba zilivyosikika. Miaka mingi baadaye, Naivasha, niliusikia wimbo mmoja kati ya hizo kwa mara ya kwanza, kwenye kaseti ya dereva wa lori la maua. Ulikuwa mzuri sana, lakini haukuwa ule wetu. Wetu ulikuwa na ng'ombe ndani.

Sasa, katika gazeti moja la kila wiki palikuwa na ukurasa wa wasomaji wanaotafuta marafiki wa kuandikiana. Wafula alituma picha yake na ikatoka. Ukubwa wake ni kama stempu mbili zikiwekwa pamoja: amekaa juu ya debe, nywele zimetimka, ameshika gitaa alilolitengeneza kwa ubao na waya za breki za baiskeli, na chini wameandika jina lake na kwamba anapenda gitaa na kandanda. Miaka michache baadaye aliugua akafa, mimi nikiwa kidato cha tatu, na kuanzia siku hiyo, ile ndiyo picha yake pekee ya utu uzima iliyokuwepo duniani. Mama anayo moja tu, ya ubatizo, ambayo Wafula ni shuka jeupe lenye pua. Hii ya gazetini hakuwahi kuiona. Zamani zile alisema wale watu wa nywele ndefu ndio wanaomharibu mtoto, kwa hiyo sanduku lilifichwa, na mimi nilipoondoka nyumbani niliondoka nalo, na kila nilipokwenda kumsalimia nilikwenda na mkoba mdogo tu, nikisema safari ijayo nitamletea. Safari ijayo, safari ijayo. Mnanijua.

Lamu, mtaa wa Langoni, nilipata chumba kwa Bi Rukia, mjane mwenye nyumba ya mawe ya zamani ambaye aliniambia masharti yake matatu mlangoni kabla hata sijatua mzigo: pombe hapana, wanawake hapana, na nikipanda darini, juu kwenye paa, nipige kelele kwanza ili majirani wa kike wajitande. Nikakubali yote. Nilipiga kelele hivyo kwa uaminifu hadi majirani wakamwambia Bi Rukia basi, inatosha, tumeshajua anapanda.

Na kwenye kichochoro chetu, milango michache mbele, palikuwa na baraza la Bwana Athmani. Yeye alikuwa amewahi kuuza vitambaa, sasa alikuwa mzee wa kukaa, mwembamba, msafi, kofia yake ya vito, ya kutariziwa kwa mkono, haikosi, na masikio yake yalikuwa yameanza kumwacha. Nilimtengenezea redio, akakataa niondoke bila kukaa, na kuanzia hapo jioni zangu zikawa pale, mimi wa mwisho kwenye kiti cha jiwe, karibu na mlango. Siku moja nilimvalisha spika za masikioni nikampigia gitaa la dakika saba. Alisikiliza hadi mwisho, macho amefumba. Kisha akazivua.

"Huyu mtu alia sana," akasema. "Amefiwa?"

Nikasema sijui, Bwana.

"Amefiwa huyu," akasema, na akaomba nimrudishie pale mwanzo.

Ramadhani ya kwanza nikiwa pale niliona aibu kunywa chai mbele yao, basi nikawa nakaa nao jioni bila kugusa kitu hadi adhana, halafu nakula nao tende. Sikuwa nafunga, mchana chumbani kwangu nilikula mkate na ndizi kama kawaida, na wao walilijua hilo. Lakini heshima ile waliipenda. Na pale barazani palikuwa na desturi: hakuna anayetia kitu kinywani kabla ya Bwana Athmani. Spika ya msikiti iko karibu, hiyo aliisikia vizuri, akinyanyua tende yake na wengine wote wananyanyua. Hakuna aliyetazama saa. Saa ilikuwa ni yeye.

Haya. Mwaka wa pili, siku chache kabla ya mwezi kuandama, nilifungua sanduku nikakuta ukungu. Madoa ya kijivu, harufu ya pango. Nikaona nitayapa hewa. Darini palikuwa na nguo za Bi Rukia, basi nikayatoa magazeti yote nikayapanga dakani, pale mlangoni penye viti vya mawe pande zote mbili, palipo na upepo na hapana mvua. Huo ndio uamuzi wenyewe. Mdogo kiasi gani? Nilitoa makaratasi nje yapate hewa, basi. Saa ile ile nikaitwa Siyu, mashine ya umeme wa jua na spika za shule zimekufa zote pamoja, boti inaondoka sasa hivi, na nikaondoka. Kazi ya siku moja ikawa karibu wiki, kwa sababu Siyu kila nilipomaliza kitu mtu alitoka na redio ya marehemu babake.

Niliporudi Ramadhani ilikuwa imeanza, jua likikaribia kutua, stima imekatika mji mzima, na daka la Bi Rukia lilikuwa safi, limepigwa maji, tupu.

"Bi Rukia," nikasema, "magazeti yangu yako wapi?"

"Magazeti gani?"

"Yaliyokuwa hapa dakani."

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Kwani hukuyatoa nde mwenyewe? Siku za kusafisha nyumba kwa ajili ya mwezi, kila mtu atoa zitu zake zilizochakaa. Kikitoka dakani siku zile ni cha kugawa. Mimi nilitoa mapazia, wewe ulitoa makaratasi. Nikasema, ala, Fundi naye ameyua mambo ya mui!"

Na kweli (kwao mji ni mui, nje ni nde, na njoo ni ndoo), nilikumbuka, nilipokuwa nikipanga magazeti milango ya jirani zetu ilikuwa na vitanda vibovu na masufuria ya kutoboka. Nilidhani watu wanahama.

"Uliyagawa kwa nani?"

"Kwa Mwanaesha. Wa sambusa."

Nyumba ya Bi Mwanaesha ilikuwa nyuma ya yetu. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kubembeleza, aliyepika sambusa, bajia na kaimati kwa ajili ya futari na kuziuza mlangoni kwake, na nilimkuta kwenye karai, moshi umemfunika, pembeni yake bango la katikati la gazeti la kila mwezi limekunjwa limekuwa la kupepea moto. Nikapiga hodi kwa sauti ambayo nadhani ilimtisha.

"Ndoo, Fundi, ndoo. Umekuya kuchukua sambusa?"

"Bi Mwanaesha, yale magazeti..."

"Ah! Mwenyezi Mungu akubariki, Fundi! Lakini sikiza, zile za kung'aa hazinywi mafuta. Zanitesa. Sambusa zateleza ndani kama samaki. Lakini hizi nyepesi," akashika rundo la miraba iliyochanwa vizuri, kila mmoja ukubwa wa leso, "hizi ndizo karatasi. Zanywa mafuta zote."

Nikapiga magoti pale jikoni (mwanamume mzima, kwenye jiko la mke wa watu, lakini binti zake walikuwepo na mlango ulikuwa wazi, andikeni hilo) nikaanza kupekua. Mpiga ngoma nusu. Mguu wa mwimbaji. Uhakiki wa santuri niliyoijua kwa moyo, umekatwa pale pale ninapopapenda. Ukurasa wa marafiki haukuwemo.

"Kulikuwa na ukurasa wenye picha ndogo ndogo," nikamwambia. "Za watu, nyingi."

"Kama za kitambulisho?"

"Ndizo! Ndizo!"

Akafikiri, mwiko hewani. "Hizo nimefungia leo. Mzigo wa barazani kwa Bwana Athmani. Umetoka sasa hivi, wa moto."

Nikamweleza kwa maneno mawili matatu kwamba mmoja wa wale ni ndugu yangu na ameshakufa. Mwiko ukaanguka ndani ya karai.

"Basi kimbia!" akapiga kelele. "Wakimaliza kula hutupa karatasi ndiani, na punda wa Langoni hawaachi karatasi ya mafuta!"

Hilo lilikuwa kweli tupu. Punda wa Langoni hula karatasi ya mafuta kama sisi tunavyokula biskuti. Nikakimbia.

Barazani walikuwa wamekaa wote safu mbili, wametulia, katika ule ukimya wa mwisho ambao mtu aliyefunga hata nzi hamfukuzi. Sinia ilikuwa katikati, imefunikwa kawa. Bwana Athmani alikuwa kichwani pa baraza, mikono imefunguka, macho amefumba, anaomba dua. Nikasema samahani wazee, nataka kuangalia karatasi tu, na jirani yake, Bwana Shee, mtu mmoja mzito wa mwili na wa kusema, akauliza karatasi gani tena, Fundi, subiri adhana, na mimi sikusubiri. Nilinyanyua kawa kwa mkono wa kushoto. Nikafungua kifurushi cha kwanza kwa mkono wa kulia: tangazo la viatu. Cha pili: nywele. Cha tatu, picha ndogo ndogo, nyuso za watoto wa watu kutoka kila pembe ya dunia, zinang'aa mafuta, na kwenye kona, chini ya sambusa iliyogandia, nikaona debe.

Sikumwona Wafula, nililiona debe alilokalia. Sambusa ilikuwa juu yake, imeshika. Nikivuta karatasi inachanika. Kawa iko mkono wa kushoto, na kawa ya mtu huwezi kuiweka chini njia ya punda. Karatasi iko mkono wa kulia. Sambusa ya wazee siwezi kuitupa, siwezi kuiweka juu ya jiwe. Basi nikainama, nikaishika ile sambusa kwa meno, polepole sana, kwa ncha, nikaibandua juu ya ndugu yangu.

Na hapo ndipo Bwana Athmani alipofumbua macho.

Jiwekeni mahali pake. Stima hakuna, kwa hiyo spika ya msikiti imekufa, na muadhini wa sauti tupu masikio yake hayamfikii. Alikuwa anangoja alama. Na anachokiona mbele yake ni Fundi, yule yule Fundi ambaye Ramadhani nzima ya mwaka uliopita hakuwahi kugusa tone la maji barazani pake kabla ya adhana, amesimama katikati ya watu, kawa juu, sambusa mdomoni.

"Alhamdulillahi," akasema Bwana Athmani. Akanyanyua tende, akaitia kinywani.

Na wote wakanyanyua.

Nilitaka kusema. Wallahi nilitaka (naazima kiapo cha watu, lakini hakuna kingine kinachofaa). Nilisema "Mmh! Mmmh!" na sambusa ile ilikuwa ya moto, kwa hiyo mdomo wangu ulifanya kile ambacho mdomo hufanya kwa kitu cha moto, ukatafuna. Hilo liliwaondolea shaka waliyokuwa nayo. Bwana Shee, tende shavuni, alisema kwa mashaka kidogo, "Mbona mimi sijasikia?" na mwenzake akamjibu, "Stima hakuna, utasikia na nini? Kunywa maji." Wakanywa maji. Wakagawana kaimati. Mtu mmoja aliyekuwa anapita akaona, akasema ala, imeshaadhiniwa, akachukua tende akapita nayo akila, na sijui aliwaambukiza wangapi mbele ya safari yake.

Kisha sauti ikaja. Ya mtu mmoja, bila spika, nyembamba, inapanda juu ya mapaa: Allahu Akbar, Allahu Akbar.

Sijawahi kuona watu wametulia hivyo. Kila shavu lilisimama lilipokuwa. Kikombe kimoja kilibaki hewani. Hata Bwana Athmani, aliyeona wengine wamekuwa sanamu, alitega sikio, mkono nyuma yake, na akaipata.

"Hii ni adhana ya ngapi?" akauliza.

Bwana Shee akameza, akasema, "Ya kwanza, Bwana."

Bwana Athmani akanigeukia. Mafuta yalikuwa yakitiririka kidevuni mwangu.

"Fundi. Wewe ulikuwa wala nini?"

Nikameza. "Sikuwa nakula, Bwana. Nilikuwa nimeishika tu."

"Umeishika kwa meno?"

"Ndiyo, Bwana."

"Mikono yako ina nini?"

Nikamwonyesha. Kawa huku, ukurasa kule. Na sasa, bila sambusa, Wafula alionekana, au tuseme alionekana na zaidi, kwa sababu mafuta yaliifanya karatasi iwe kama kioo na picha ya upande wa pili ilijitokeza, mpiga ngoma na ngoma zake zote, zimekaa nyuma ya kaka yangu na debe lake kabisa kama wamepanda jukwaa moja. Nikaanza kueleza, nikachanganya maneno, Kitale, misheni, ukungu, Siyu, punda, nikaona aibu, nikanyamaza, na machozi yakanitoka, ambayo niliwaambia ni ya pilipili.

Hakuna aliyenitukana. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, afadhali wangenitukana. Bwana Athmani alifuta mikono yake, akasema kwa utulivu, "Ni siku ya kulipa hii, jamani, tulikosea, tutailipa baada ya Idi. Tuendeni tukasali." Wakasimama mmoja mmoja. Bwana Shee alipopita kwangu akasema chini chini, "Na bado alikula ya nyama," na nyuma yake mtu akacheka puani, na mwingine, na wakaenda msikitini mabega yanatikisika.

Kabla hawajarudi mji mzima ulikuwa unajua. Nilisikia habari ikipita darini, dari hadi dari, kicheko cha wanawake kikihama kutoka upande wa nyumba yetu kwenda chini kuelekea sokoni. Kesho yake muuza samaki aliniita, "Fundi! Hebu ng'ata kidogo, tuyue saa!" Askari wa bara waliokuja kurekebishiwa simu walinisalimia kwa kufungua midomo. Watu wa Ndau, huko visiwani kabisa, walimuuliza nahodha wa boti kama ni kweli Lamu siku hizi inafuturu kwa sambusa ya Fundi.

Bi Rukia alinuna siku mbili, na nilidhani ni kwa aibu niliyomletea nyumbani, hadi aliponiwekea uji mlangoni akasema, "Ungalinambia kuwa mle ndani mna ndugu yako, ningemlaza kabatini kwangu, pamoja na nguo za marehemu." Na Bi Mwanaesha alikuja na unga wa ngano na pasi ya mkaa. "Mimi nimetia mafuta, mimi nitayatoa," akasema. Akanyunyiza unga, akalaza karatasi kavu juu, akapiga pasi bila kukandamiza, akapangusa, akarudia, kwa siku kadhaa, kati ya kazi zake. Mafuta mengi yalitoka. Mpiga ngoma hakutoka mwili wote. Bado yupo kwa mbali, nyuma ya bega la Wafula.

Baada ya Idi wazee wakapanga Jumatatu ya kulipa, baraza zima pamoja, na mimi nikaomba nifunge nao. Wakaulizana kama inafaa, wakaona haimdhuru mtu. Bwana Athmani alinihamisha kutoka kiti changu cha mlangoni akanikalisha mbele yake uso kwa uso. "Hapa," akasema, "niuone mdomo wako." Kufikia alasiri kichwa kilikuwa chepesi kama karatasi ya gazeti la kila wiki na nilikuwa nimeacha kusikia watu wanasema nini. Katika hali hiyo ndipo aliponiuliza, kama mtu anayeuliza bei ya kitu, "Mamako aliipenda ile picha?"

"Hajawahi kuiona, Bwana."

Akadhani hakusikia vizuri. Nikarudia kwa sauti, barazani, watu wote wakasikia.

"Yu hai?"

"Yu hai. Kitale."

"Yaani miaka yote hii," akasema, "wamtembeza mtoto wa mtu nti nzima, ndani ya bati, na mwenyewe hana habari?"

Nimeaibika mara nyingi maishani, na ile ya sambusa ilionwa na watu wengi zaidi, lakini niulizeni ipi ilinifikia. Adhana ilipoadhiniwa, kwa spika, ya kuvunja masikio, hakuna aliyegusa tende. Wote walikuwa wananitazama mimi. "Haya, Fundi," akasema Bwana Shee, "ng'ata wewe kwanza, ndiyo desturi." Nikang'ata. Wakacheka hadi Bwana Athmani akapaliwa na maji, na mimi nikacheka pia, lakini nilikuwa nimeshaondoka.

Niliondoka wiki ile. Sikusema sirudi, ingawa Bi Rukia alijua, kwa sababu alinirudishia pesa za mwezi ambao sikuulala. Magazeti yaliyosalimika niliyafunga kwa kamba sandukuni. Ukurasa niliuweka peke yake, katikati ya mbao mbili nyembamba alizonichongea fundi wa milango, na kwenye boti ya Mokowe kijana wa mizigo akanyoosha mkono aupange pamoja na mabegi ya wengine.

"Leta hiyo, mzee. Kila mtu ameweka chini."

"Hii naishika," nikasema.

"Safari ni fupi, haitapotea."

"Naishika tu."

Nikaishika, kifuani, kwa mikono yote miwili, nimesimama, boti inaruka na maji yananipiga, watu wamekaa wananitazama kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Mwanamke mmoja alinionyesha nafasi kando yake. Nikamshukuru, nikabaki nimesimama. Niliendelea hivyo ndani ya basi, na kwenye kila kizuizi, na Mombasa, na Nairobi, na asubuhi niliyoshuka Kitale mikono ilikuwa imekufa ganzi hivi kwamba Mama ndiye aliyeichukua picha mwenyewe, kwa sababu mimi sikuweza kuiachia.